Saa Moja kwa Saa Moja: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Zamu za Kulea

Mimi ndiye mweka daftari. Kikundi chetu kina nyumba 12, kaskazini ya Pemba, baina ya Konde na Tumbe, na kazi yangu ni kuandika nani kalelea mtoto wa nani na kwa saa ngapi. Kwa sababu hiyo maswali yote hunishukia mimi: dukani, ndani ya gari ya Chake Chake mjini, mara moja hata msibani, maiti hajatoka. Nimeona niyaandike pamoja na majibu yake, anayetaka asome. Sikuyapanga kwa uzito, nimeyafuata kama yanavyoulizwa.

Zamu ya kulea ni kitu gani hasa?

Ni nyumba kadhaa zilizokubaliana kuleleana watoto bila ya kulipana fedha. Kinachohesabiwa ni saa. Ukinishikia mwanangu saa tatu, nina deni la saa tatu, lakini si lazima nikulipe wewe. Naweza kumlelea mtoto wa nyumba nyengine yoyote iliyomo, na wewe ukazitumia saa zako kwa nyumba ya tatu. Wewe na jirani yako mkisaidiana wawili tu, mmoja akiumwa au akisafiri kila kitu kinasimama. Hapa deni ni la kikundi kizima.

Anayecheza upatu atafahamu upesi. Tofauti ni kwamba upatu una siku yako ya kupokea, huku unapokea siku unayohitaji.

Mbona mnahesabu? Si tumezoea kusaidiana bure?

Wakubwa zetu wote huanza na swali hili, na mara nyingi kwa sauti ya lawama. Nalijibu kwa kisa.

Kabla hatujaanza tulikaa wiki moja tukaandika tu, bila ya kubadilisha chochote: mtoto gani yuko kwa nani, saa ngapi hadi saa ngapi. Tukakuta kuna bibi mmoja, magoti yanamuuma, anaachiwa watoto watano kila asubuhi ya bamvua, siku ambazo bahari inakupwa sana na mama zao wanakwenda kwenye mwani. Mama zao si watu wabaya. Kila mmoja alijua mtoto wake mmoja, hakuna aliyejua watano. Kila mmoja alipita akasema, "Bibi, nakuachia huyu kidogo tu," na bibi akaitikia, kwa sababu katika umri wake hajawahi kumrudisha mtoto mlangoni.

Kila mtaa una mwanamke kama huyo, asiyejua kusema hapana. Tunachokiita kusaidiana bure, ukikitazama vizuri, mara nyingi ni yeye. Msaada upo, ila mzigo umelalia upande mmoja na hauonekani kwa kuwa hauandikwi. Kwa hiyo hatuhesabu kwa uchoyo. Tunahesabu ili watano waonekane ni watano.

Bibi huyo leo ni mwanachama. Hana mtoto mdogo wa kwake, kwa hiyo saa zake anazitumia anavyotaka: kupelekwa hospitali ya Micheweni, kutekewa maji, na mara nyingi kuwahamishia wajukuu nyumba nyengine apate kwenda maulidini peke yake.

Nani anaweza kuingia?

Mtu mzima anayejulikana na angalau nyumba mbili zilizomo, anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu. Umbali tumeuwekea mkazo. Mama mmoja wa Wete alituomba kwa moyo safi, tukamwambia aanzishe kwao. Mtoto anayepandishwa gari kila siku kwenda kulelewa hajapunguziwa chochote, wala mama yake.

Sisi wote tunalima mwani. Tunaweza kuanzisha kikundi chetu wenyewe?

Mnaweza, lakini kitawashinda, nasi tulikaribia kushindwa kwa hilohilo.

Mwani hauendi kwa saa ya ukutani, unakwenda kwa maji. Kazi yenyewe, kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza, kuvuna ukishafika kama wiki sita, inafanyika maji yakikupwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na kwetu bamvua hukupwa asubuhi kuelekea mchana. Sasa nyinyi kumi mkiwa wakulima wa mwani watupu, nyote mtamtafuta mlezi asubuhi ileile ya siku ileile, na nyote mtakuwa ndani ya maji. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, nyote mko nyumbani na hakuna anayehitaji kitu. Saa zenu hazina pa kwenda.

Dawa yake ni kuchanganya. Kwetu nyumba tano ni za mwani. Zilizobaki ni mwalimu wa mkondo wa mchana, muuguzi wa zamu za usiku, fundi wa cherehani, wachuuzi wawili wa samaki wanaokwenda sokoni Tumbe, muuza maandazi ambaye kazi yake imekwisha saa mbili asubuhi, na yule bibi. Bamvua ikiingia, muuza maandazi na mwalimu wanapokea watoto wa mwani. Yakija maji mafu, wenye mwani wanalipa: wanamshikia mwalimu mwanawe mchana, wanamwachia muuguzi alale. Deni linapanda na kushuka mara mbili kwa mwezi, wala halinitii wasiwasi tena.

Kama hapo kijijini kweli hakuna kazi nyengine, basi fanyeni zamu ya bamvua: kila siku wanawake wawili wanabaki nchi kavu na watoto wote, wengine wanaingia baharini, kesho yake wanabaki wawili wengine. Kila mmoja atapoteza siku moja au mbili za maji katika bamvua nzima. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko kumfunga mtoto mgongoni ukiwa umeinama kwenye maji ya magoti kwa saa nne.

Msimu wa karafuu je?

Hapo hata kuchanganya hakusaidii, kwa kuwa mwalimu ana mikarafuu ya urithi, fundi wa cherehani anakwenda kuchuma kwa pishi, na bibi anataka kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, barazani kwake. Kila mtu ana kazi na kila mtu anataka fedha ile.

Mwaka wa kwanza tulidhani tutaendelea kama kawaida, na kwa wiki tatu kikundi kilikufa. Sasa tuna mpango mwengine. Saa za kawaida zinasimama. Watoto wa chini ya miaka sita wanakusanywa nyumba mbili zenye ua na choo karibu, kila moja na walezi wawili, na walezi hao hawachumi siku hiyo. Mlezi wa siku ya karafuu anaandikiwa saa moja na nusu kwa kila saa, kwa sababu ameacha chumo lake. Jioni, wakati mikeka ya karafuu inaingizwa ndani kuogopa umande, kila mtu anapitia mtoto wake. Kuna waliolalamika kwamba saa moja na nusu ni nyingi. Nikawaambia basi wabaki wao, na malalamiko yakaisha.

Watoto hawapelekwi shambani. Mkarafuu ni mti mrefu, tawi lake hukatika ghafla, na mtoto aliye chini anaokota, hatazami juu.

Mnatumia vipande au daftari?

Tulianza na vipande vya kadibodi, nusu saa kwa kipande, vimegongwa muhuri wa viazi. Vilipendeza. Lakini mwanamke wa kwetu hana mfuko, ana pindo la kanga, na kilichofungwa kwenye pindo la kanga hufuliwa. Baada ya miezi miwili robo ya vipande ilikuwa uji. Tukahamia kwenye daftari: ukurasa kwa kila nyumba, safu ya waliolea, safu ya waliolelewa, na baki. Kila mwisho wa mwezi nasoma baki za wote kwa sauti, hadharani. Kusoma hadharani kuna faida kuliko muhuri wowote.

Kundi la WhatsApp tunalo pia, kwa kuombea zamu. Wasio na simu ya aina hiyo wanamtuma mtoto kwangu.

Nimesikia kikundi kama hiki kiliwahi kukwama Marekani. Ni kweli?

Ni kweli, na kisa chenyewe kinafaa kuliko semina. Washington, mtaa wa Capitol Hill, palikuwa na ushirika wa wanandoa kama jozi 150 walioleleana watoto kwa kuponi, kuponi moja nusu saa. Joan na Richard Sweeney, waliokuwamo, waliandika habari zake katika jarida la uchumi mwaka 1977, na baadaye mchumi Paul Krugman akakitangaza kisa hicho mpaka kikajulikana kwingi.

Walezi walikuwapo tele. Kila nyumba ilitaka kwanza iwe na akiba ya kuponi, ndipo itoke. Basi kila mtu akakaa nyumbani akingoja kuitwa kulea. Hakuna aliyetoka, kwa hiyo hakuna aliyeitwa, kwa hiyo hakuna aliyepata akiba. Wakajaribu kwanza kuwalazimisha watu watoke angalau mara mbili kwa mwezi. Mwisho wakagawa kuponi zaidi, na mambo yakafunguka. Halafu wakazidisha kugawa, kuponi zikawa nyingi kupita kiasi, likaja tatizo jengine.

Nilipokisoma kisa hiki nilicheka peke yangu, maana ugonjwa ni uleule tuliokuwa nao. Ila wetu una mzizi mwengine, nao ni kuona haya. Mwanachama wetu mmoja alikuwa na saa 26 za kudai, na nikamkuta kliniki na watoto watatu, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, mmoja analia. Nikamuuliza kwa nini hakuomba. Akasema, "Nitamwambia nini mtu, kwamba nimechoka?" Kulea mtoto wa mwenzake anaona ni fahari. Kuomba alelewe wake anaona ni kujidhalilisha. Na asiyeomba anawazuia wengine kulipa madeni yao.

Kwa hiyo tumeweka mipaka miwili. Nyumba inaweza kudaiwa hadi saa 12, huna haja ya kuwa na akiba ndipo uombe. Na nyumba ikifika saa 30 za kudai, haipewi mtoto tena mpaka itumie. Mimi nami nimebadilisha swali. Zamani kila Jumamosi niliuliza, "Nani anahitaji mlezi?" na kimya kinatanda. Sasa namwambia mtu, "Mama fulani, saa zako utazitumia siku gani wiki hii?" Anajibu siku.

Mnapokea watoto wa umri gani?

Kuanzia miezi sita hadi miaka saba. Pengo kubwa liko chini ya miaka minne, kwa sababu skuli za maandalizi zinaanza na watoto wa miaka minne, na chuoni, yaani madrasa ya Kurani, nako mtoto mdogo sana anakwenda kulala tu. Wakubwa wao wanahitaji kwa kawaida saa mbili tatu, baina ya kutoka skuli na kwenda chuo, kwa hiyo tunawapokea kwa muda huo.

Mlezi mmoja hazidishi watoto wanne akiwemo wa kwake, na kati yao mchanga asiyetembea asizidi mmoja.

Saa inahesabiwa vipi?

Mtoto mmoja kwa saa moja ni saa moja. Watoto wawili wa nyumba moja ni saa moja na nusu. Baada ya isha kila saa ni saa moja na nusu pia, na mtoto akilala mpaka alfajiri tunahesabu saa nane kwa usiku mzima, tusijitie wazimu. Ukichelewa kumchukua, robo saa ya kwanza inasamehewa. Baada ya hapo kila nusu saa inahesabiwa saa nzima. Tangu tuiweke kanuni hii hakuna tena gari lililoharibika njiani kila Alhamisi.

Kwani hiyo nyongeza si riba?

Tuliulizwa hili na wanaume zaidi kuliko wanawake. Deni halikui kwa kukaa. Ukidaiwa saa sita leo, mwakani utadaiwa saa sita. Usiku na msimu vina hesabu yake kwa sababu kazi yenyewe ni nyengine, na bei yake inajulikana kabla ya kazi, kama fundi anavyotoza zaidi kushona suti kuliko kanzu. Kama bado una shaka, kamuulize maalim wako kabla ya kuingia.

Naweza kulipa fedha badala ya saa?

Hapana. Tulipima sana hili, kwa sababu wenye mishahara walikuwa wanataka. Lakini fedha ikiingia, mwenye nayo atalipa kila wiki wala hatolea hata siku moja, na asiyenayo atalea kila wiki wala hatotoka. Ndani ya mwezi mmoja mmeshamwajiri mfanyakazi wa ndani kwa ujira wa kutupa na mnamwita mwanachama. Anayetaka kuajiri aajiri, ni haki yake, alipe mshahara wa kueleweka.

Mlezi anaweza kumnyonyesha mwanangu akilia?

Hapana, mpaka wazazi wa pande zote mbili wamekaa wakakubali, na kwetu hawajakubali hata mara moja.

Wasiojua wanashangaa kwa nini kanuni hii imeandikwa ukurasa wa kwanza. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwa madhehebu hayo mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa kunyonya kamili mara tano na mwanamke, anakuwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke yule wanakuwa ndugu zake, hawaoani. Katika kijiji kimoja ambamo watoto hawa watakua pamoja, kusoma pamoja na pengine kupendana, hilo si jambo la kumwachia mtu afanye kwa huruma ya dakika moja halafu asahau kusema. Bibi zetu walikuwa wakinyonyesheana kwa kujua, na wakitangaza.

Maziwa yaliyokamuliwa yanaingia kwenye kanuni hiyohiyo. Mama akamue ya kwake, aweke kwenye chombo chenye kifuniko na jina la mtoto, na mlezi ampe mtoto yule tu, kwa kikombe. Wenye watoto wa chini ya miezi sita tunawashauri wasubiri, wakati huo mtoto anatakiwa maziwa ya mama yake matupu.

Chakula na dawa?

Chakula kinatoka nyumbani kwa mtoto, kwenye kontena lake. Hili liliwaudhi baadhi ya walezi, kwamba mtoto atakaaje kwangu ale cha kwao. Lakini siku za kibaba kidogo mlezi anaona haya kusema hana, na mtoto analala na njaa. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa.

Watoto wa chini ya miaka mitano hawapewi karanga nzima, shokishoki wala ubuyu wa kokwa. Vinakaba.

Dawa hatutoi, isipokuwa ile ambayo mzazi ameileta mwenyewe na kuandika kiasi na saa. Mtoto akianza kuharisha, mlezi anampa maji ya ORS na kumpigia mama. Mwenye homa, macho mekundu, tetekuwanga au surua habanduki kwao. Na mlezi mwenye mgonjwa nyumbani kwake aseme, hatukatwi saa kwa kuumwa.

Kisima changu hakina mfuniko. Bado naweza kulea?

Ukishakifunika.

Nisiwe mkavu hivyo. Kabla ya nyumba kupokea mtoto, wawili kati yetu wanakwenda kuitazama, tena bila ya kutoa taarifa ya wiki nzima. Tunatazama kisima, mapipa na ndoo za maji, jiko la kuni au la mkaa liko wapi, mafuta ya taa yamewekwa kwenye chupa gani, na soda imewahi kukaa kwenye chupa hiyo au vipi. Mtoto anayejifunza kusimama anazama kwenye ndoo. Walio karibu na ufuo tunawataka wawe na mlango unaofungika, kwa sababu maji yakijaa yanafika ukutani.

Akina baba wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa na tunawahitaji. Wanapeleka watoto chuoni na skuli, wanawapokea, wanawapeleka hospitali usiku, na vyote hivyo vinaandikwa saa. Baba mmoja mvuvi, akirudi baharini asubuhi, ndiye bingwa wa kuwakata kucha watoto wa mtaa mzima, sijui kwa nini wanamkubali yeye tu.

Ila mwanamume, awe baba, kaka, mjomba au mpangaji, habaki peke yake na watoto wa wengine ndani ya nyumba. Kanuni hiyo haina mwenyewe. Hatumshuku mtu, na kwa sababu hatumshuku mtu ndiyo maana ni ya wote.

Nitajuaje kwamba mwanangu yuko salama?

Utajua kwa kuingia bila kubisha hodi ndefu. Mzazi ana haki ya kufika wakati wowote wa zamu, na mlezi anayechukia jambo hilo hatufai. Kabla ya kuingia unaandika watu wote wanaolala nyumbani kwako. Akija mgeni wa kulala, unaniambia.

Tuseme wazi jambo ambalo wengi wanalisema kwa mafumbo. Udhalilishaji wa watoto visiwani kwetu upo, na anayeufanya aghlabu anajulikana na mtoto. Kwa hiyo tunawafundisha watoto kusema sehemu gani za mwili haziguswi, na tunawafundisha wakubwa jambo gumu zaidi, kwamba halimalizwi kifamilia. Ukiona au ukiambiwa na mtoto, usimuoshe, usimhoji mara kumi. Mpeleke hospitali na polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, bila malipo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na haisemi isipokuwa mtuhumiwa akiwa jamaa.

Binti yangu ana miaka 13 na anajua kulea. Ashike zamu yangu?

Hapana. Ajua kulea kwa sababu amelea wadogo zake wote, na pengine ameikosa skuli siku za bamvua kwa ajili hiyo. Nusu ya sababu ya kuanzisha zamu hizi ilikuwa ni yeye. Mlezi awe na miaka 18 au zaidi. Binti anaweza kucheza na watoto, lakini daftarini haandikwi.

Mtu akifiwa au akijifungua?

Msiba hauhesabiwi. Siku tatu za matanga watoto wa nyumba ile wanachukuliwa na hakuna kalamu inayoguswa. Mzazi aliyejifungua hadaiwi zamu kwa siku arubaini, na watoto wake wakubwa wanalelewa bila ya kuandikwa kwa wiki mbili za mwanzo.

Mwenye eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, deni lake linasimama palepale. Wako wanaotaka wenyewe kuletewa watoto kwa kuwa nyumba ni kimya mno. Wengine hawataki kusikia sauti. Tunamuuliza mara moja, tunamfuata anavyotaka, hatumuulizi tena.

Ramadhani?

Mchana mahitaji yanashuka, usiku yanapanda kwa sababu ya tarawehe, na kumi la mwisho kila mtu anakwenda Chake au Wete kutafuta nguo za Idi. Tunapanga kwa orodha, nyumba nne kila usiku. Usiku wa harusi ya mtaa hatuna dawa. Walezi wote wamealikwa.

Lazima tusajiliwe?

Kuleleana nyumba kwa nyumba, bila fedha, sisi tulimuarifu sheha tu, kiongozi wa serikali wa hapa mtaani, na tukampa nakala ya kanuni zetu. Lakini mkishafungua nyumba moja inayopokea watoto kila siku kwa malipo, hicho ni kituo cha kulelea watoto, na kituo kina taratibu zake. Nendeni kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya kabla ya kuning'iniza kibao.

Mwanachama akigoma kulipa saa zake?

Akifika saa 12 za deni haombi tena, hilo linajiendesha. Ikipita miezi mitatu bila kulipa anaitwa na wanawake wawili wa umri wake, nyumbani kwake, si mkutanoni. Mara zote mbili ilipotokea, tulikuta sababu: mmoja mimba ilikuwa inamsumbua na hakutaka kuitangaza, mwengine mumewe amekataza watoto wa watu nyumbani. Wa kwanza tulimngoja. Wa pili analipa saa zake kwa kulea nyumbani kwa wengine.

Anayehamia Unguja alipe kabla ya safari. Asipoweza tunasameheana, na baki yake tunaifuta kwa kugawana wote. Saa moja kwa kila nyumba haimuui mtu.

Tuanze na nyumba ngapi?

Sita. Chini ya hapo mtu mmoja akisafiri mmekwama, juu ya 15 hamjuani watoto kwa majina. Wiki ya kwanza andikeni tu, kama tulivyofanya sisi. Kila nyumba ianze na saa kumi mkononi ili pasiwe na wa kungoja. Chagueni mweka daftari asiyependa umbea, na mumuandikie saa mbili kila mwezi kwa kazi hiyo. Mimi mwaka mzima sikuandikiwa hata moja, nikaona haya kuomba.

Na daftari likipotea?

Nakala ya pili iko kwa mwalimu, tunalinganisha kila mwezi. Lilishawahi kupotea siku mbili. Lilikuwa chini ya kitanda cha mjukuu wa bibi, naye alikwishachora jahazi lenye tanga kubwa kwenye ukurasa wa Juni, kwa wino. Saa za Juni tukazisoma baina ya kamba za tanga, na zilikuwa sawasawa.